Kukutwa na HPV si kukutwa na saratani
Majibu ya kipimo cha mlango wa kizazi yakirudi yameandikwa "HPV chanya", wengi husoma "saratani ya mlango wa kizazi". Sivyo. Kipimo kimegundua kirusi tu, kiitwacho HPV, tena cha kawaida mno: karibu kila anayefanya ngono hukipata wakati fulani, na mara nyingi kinga ya mwili hukiondoa ndani ya miaka 2. Cha kufuatilia ni kile kinachong'ang'ania, hasa aina ya 16 na 18. Hata hicho, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuleta saratani. Kinga ikiwa dhaifu, muda hupungua. Kwa hiyo usikose tarehe ya kurudi kliniki, maana seli zilizoanza kubadilika hutibika zikigunduliwa mapema. Na kumtuhumu mwenzi? Kirusi huweza kujificha miaka mingi. Majibu hayaonyeshi kilitoka kwa nani wala lini.