Mashine ya kupimia sukari: kwa nini ombi lako la bima linarudishwa

Kila mwaka baada ya 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, dirisha letu la bima hapa Mwanza hufurika. Watu wamepimwa bure viwanjani, wameambiwa wajipime nyumbani, na wiki inayofuata wanapanga foleni kadi mkononi: naomba mashine. Nia ni njema kabisa. Ila maombi mengi yanarudi, na malalamiko ya kurudishwa ndiyo yaliyonikalisha kuandika haya.

Bima hailipii kifaa kwa sababu una kadi. Inalipia kilichomo kwenye kitita chako cha mafao, kwa ugonjwa uliothibitishwa na daktari. Na vitita havifanani: kimoja kinaweza kuwa na mashine pamoja na stripu, vile vijikaratasi vya kudondoshea damu, kingine stripu tu, kingine kikaishia kwenye kipimo cha hospitalini. Soma mkataba au muulize mwajiri wako kabla hujapanda daladala kuja kutugombeza. Halafu ile hoja ya "mwaka mzima sijaumwa, basi nifidieni kwa mashine" naomba tuiache. Bima si kibubu.

Fomu ijazwe na daktari anayekutibu, si mwenye duka la dawa la mtaani kwenu. Iwe na namba ya ugonjwa: E10 kwa kisukari aina ya kwanza, E11 kwa aina ya pili, O24 kwa kisukari cha ujauzito. Ukiandikiwa "sukari" tu, mfumo hauelewi. Iwe na sababu ya kupima nyumbani, mfano mgonjwa anachoma insulini au sukari yake hushuka usiku. Ambatanisha na majibu ya HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu.

Kisha idadi. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanaomba mashine, wanasahau stripu. Mashine inanunuliwa mara moja, stripu ni za kila siku. Anayepima mara nne kwa siku anamaliza 120 kwa mwezi, kwa hiyo anahitaji boksi tatu za 50. Daktari asipoandika idadi na muda, mashine inaweza kupita na ukabaki na pambo la kabati.

Ukitaka kununua kwanza ili urudishiwe fedha, pata kibali cha awali kwa maandishi, na risiti iwe ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, yenye jina la kifaa. Kifaa chenyewe kiwe kimesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kampuni binafsi ya bima ikikukatalia, dai sababu kwa maandishi, lalamika kwao kwanza. Usiporidhika ndipo uende TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa mjini.

Sasa kadi. Kumwazima shemeji achukue stripu kwa jina lako ni udanganyifu, hata kama shemeji anaumwa kweli. Kadi inaweza kufungiwa, wategemezi wako wakaathirika, na gharama ukadaiwa wewe. Kugeuza 50 kuwa 150 kwa kalamu yako ni kughushi, na kwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kughushi kunaweza kukufikisha kifungo cha miaka 7. Tunaziona hizo fomu: wino mwingine, mwandiko mwingine.

Mzee mmoja wa Ukerewe alishuka melini akaja moja kwa moja kuomba mashine ya pili, kwamba ya kwanza inasema uongo. Tukapima palepale: 17.2 mmol/L. Nikamwuliza amekula nini njiani. Embe. Stripu zilikuwa zimelala ovyo mfuko wa shati. Kichupa chake alikitupa kwa kuwa "kinajaza mfuko". Akanawa kwa sabuni, akajikausha vizuri, tukatumia stripu ya kichupa kilichofungwa: 9.1. Juisi ya tunda kidoleni inasomeka kama sukari ya damu, na stripu iliyopigwa joto na unyevu wa ziwa haiaminiki tena. Mashine yake ilikuwa nzima. Kisukari chake bado kilihitaji daktari, na huko ndiko nilikomwelekeza, ombi la mashine tukaliweka pembeni.

Dirishani uje na kadi, kitambulisho cha NIDA, fomu halisi na nakala moja. Picha ya fomu kwenye simu haipokelewi, hata ikiwa inasomeka.