Jina lililoandikwa kwa mkono: jinsi Seneta Murkowski alivyotetea kiti chake Alaska

Katika miaka yangu ya kuchambua sheria za uchaguzi nimesoma mashauri mengi ya kupinga matokeo, lakini lililonifunza zaidi kuhusu karatasi ya kura yenyewe ni la Alaska, mwaka 2010. Ninaamini linaonyesha jambo ambalo sisi wataalamu hatulisemi vya kutosha: seneta aliyekataliwa na chama chake hajakataliwa bado na wananchi, na ni muundo wa karatasi ya kura unaoamua kama tofauti hiyo itaonekana au itafichika.

Lisa Murkowski aliingia katika Seneti ya Marekani mwishoni mwa mwaka 2002 kwa kuteuliwa na baba yake mzazi, Frank Murkowski, ambaye alikuwa ameacha kiti hicho ili awe gavana. Uteuzi huo uliwaudhi watu wengi, na ingawa alishinda uchaguzi wa mwaka 2004, manung'uniko hayakwisha. Agosti 2010, katika kura za mchujo za chama cha Republican, wakili Joe Miller, aliyeungwa mkono na vuguvugu la kihafidhina la Tea Party, alimshinda kwa kura 2,006. Waliopiga kura katika mchujo huo walikuwa takriban 110,000. Novemba walijitokeza zaidi ya 250,000. Kwa hiyo uamuzi wa kumwondoa seneta ulikuwa umefanywa na sehemu ndogo ya wapiga kura, na jina lake halikuweza tena kuchapishwa kwenye karatasi ya kura.

Njia pekee iliyobaki ilikuwa ya mgombea wa kuandikwa jina. Sheria ya Alaska inamruhusu mpiga kura kuandika kwa kalamu jina la mtu ambaye hakuchapishwa, mradi mtu huyo amejiandikisha rasmi kuwa mgombea wa namna hiyo. Mara ya mwisho kwa mgombea wa Seneti kushinda kwa njia hiyo ilikuwa mwaka 1954, kwa Strom Thurmond wa South Carolina. Murkowski alitangaza nia yake Septemba 17, ikiwa imebaki miezi miwili isiyotimia.

Msomaji aliyezoea karatasi zetu, zenye picha ya mgombea na nembo ya chama, ambapo alama ya vema moja inatosha, ajaribu kujiweka mahali pa mpiga kura wa kijiji cha Alaska kinachofikika kwa ndege ndogo tu. Chini ya majina yaliyochapishwa kuna mstari mtupu, na kando yake kijiduara. Anatakiwa kufanya mambo mawili: kujaza kijiduara kwa wino, kisha kuandika jina la Kipolandi ambalo pengine amelisikia redioni tu. Ndiyo maana kampeni iligawa bangili za mpira zenye jina lote pamoja na kijiduara kilichojazwa, ili mtu aingie kituoni na mfano mkononi. Mashirika ya kibiashara ya wenyeji wa asili wa Alaska yalichangia fedha nyingi, na kura za vijijini zilimsaidia sana. Mtangazaji mmoja wa redio, kwa upande wake, aliwahimiza wasikilizaji wajiandikishe nao kuwa wagombea wa kuandikwa ili orodha ya majina iwe ndefu na kuchanganya watu. Zaidi ya 100 walifanya hivyo.

Kura zilihesabiwa Juneau, makao makuu ya jimbo, karatasi moja moja, mawakala wa pande zote wakiinama juu ya meza. Hapo ndipo ugomvi halisi ulipoanza. Sheria ilisema jina liandikwe kama lilivyo katika fomu ya kujiandikisha, au jina la ukoo peke yake, na ikaongeza kwamba masharti hayo ni ya lazima. Mawakala wa Miller walipinga kila karatasi yenye herufi iliyopotea, mathalani «Murkowsky», na karatasi zilizowekewa pingamizi zikazidi 8,000. Mahakama ya Juu kabisa ya Alaska ilikataa hoja yao mwezi Desemba: kosa la herufi halibatilishi kura ikiwa nia ya mpiga kura inaeleweka. Hata hivyo ilishikilia kwamba kijiduara lazima kijazwe, hivyo aliyeandika jina vizuri akasahau kijiduara alipoteza kura yake. Naiona sehemu ya kwanza ya hukumu kuwa ya haki kabisa. Ya pili bado inaniuma, kwani mtu aliyeandika jina zima ameshasema anamtaka nani.

Murkowski alipata kura 101,091, Miller 90,839, na Scott McAdams wa Democratic takriban 60,000. Hata zile zenye pingamizi zingetupwa zote, angeongoza kwa zaidi ya kura 2,000. Ila kura zake hazikufikia asilimia 40 ya kura zote.

Mwaka 2020 wananchi wa Alaska walipitisha utaratibu mpya: mchujo mmoja kwa wagombea wote bila kujali chama, wanne wa kwanza wakipita, kisha mpiga kura anawapanga kwa upendeleo, wa kwanza, wa pili na kuendelea. Wa mwisho anapoondolewa, kura zake huhamia kwa chaguo linalofuata. Murkowski, ambaye Februari 2021 alikuwa amepiga kura ya kumtia hatiani Donald Trump katika kesi iliyosikilizwa na Seneti, na kwa hilo akakaripiwa rasmi na chama chake jimboni, aliutegemea mwaka 2022 dhidi ya Kelly Tshibaka, aliyeungwa mkono na Trump. Katika hesabu ya kwanza walitofautiana kwa takriban kura 2,000 tu. Aliyeondolewa mwisho alikuwa Pat Chesbro wa Democratic. Wafuasi wake wengi walikuwa wamempanga Murkowski wa pili, naye akamaliza na asilimia 53.7. Jaribio la kuufuta utaratibu huo lilipigiwa kura Novemba 2024 na likashindwa kwa tofauti isiyofika kura 1,000.