Vijisindano vya ngozi: ni nini, na vinapitishaje dawa

Vijisindano ni ncha kali, fupi mno, ambazo mara nyingi hazifiki hata milimita moja, zilizopangwa kwa safu kwenye kiraka kidogo kama plasta. Kiraka kisichozidi upana wa ukucha wa kidole gumba kinaweza kubeba ncha mia moja na zaidi. Ukikipapasa bila kukibonyeza, utahisi kitu kama msasa laini. Kazi yake ni kuingiza dawa au chanjo mwilini kupitia ngozi, bila bomba la sindano.

Kwa nini dawa isipakwe tu juu ya ngozi? Kwa sababu ngozi imeumbwa kukataa. Juu yake kabisa kuna utando wa seli zilizokufa, zilizobanana na kushikwa na mafuta kama matofali kwenye udongo. Unene wake ni maikromita 10 hadi 20 tu, na maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita, lakini utando huo ndio unaozuia maji ya mwili yasitoke na vitu vya nje visiingie. Plasta ya nikotini wanayobandika wanaoacha sigara hufanya kazi kwa sababu molekuli ya nikotini ni ndogo na inapatana na mafuta. Wataalamu huweka mpaka kwenye uzito wa daltoni 500 hivi; daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli. Inayozidi hapo hupita kwa shida sana. Insulini ina karibu daltoni 5,800. Chanjo ndiyo kabisa.

Kijisindano kinauvuka utando huo na kuishia kwenye ngozi hai iliyo chini yake. Kipimo hicho cha kina ndicho kila kitu. Sindano ya kawaida ya msuli hushuka sentimita mbili hivi, ikipita penye neva za maumivu na mishipa ya damu. Kijisindano hakifiki huko, ndiyo maana anayebandikwa huhisi kama anabonyezwa tu, au muwasho kidogo. Tena kwa chanjo kuna faida nyingine: tabaka hilo la ngozi limejaa seli za kinga, kwa hiyo chanjo inashushwa palepale walipo walinzi, na si msuli ambako seli hizo ni chache.

Wazo hili lilisajiliwa kama hataza, yaani haki ya mvumbuzi, nchini Marekani mwaka 1976, ila ufundi wa kuchonga vitu vidogo kiasi hicho haukuwapo. Ulikuja kupitia viwanda vya chipu za kompyuta. Mwaka 1998 watafiti wa chuo kikuu cha Georgia Tech mjini Atlanta, Marekani, walitengeneza ncha za silikoni, wakazijaribu kwenye ngozi ya binadamu maabara, na upitaji wa rangi ya majaribio ukaongezeka zaidi ya mara elfu moja.

Tangu hapo zimezuka aina kadhaa. Kuna ncha zinazotoboa kisha dawa ikapakwa juu, zilizopakwa dawa ubavuni, zenye tundu katikati, na zinazofyonza majimaji ya ngozi zikavimba na kuachia dawa polepole. Inayonivutia kuliko zote ni ile inayoyeyuka. Ncha zenyewe zimeundwa kwa sukari au kitu kingine kinachoyeyuka majini, dawa ikiwa imechanganywa humo. Unabandika, unabonyeza kwa kidole gumba, unasubiri dakika chache. Ukikibandua kiraka, ncha hazipo tena. Hakuna kitu chenye makali kinachobaki cha kumchoma muuguzi au mtoto anayechezea taka.

Fikiria chanjo ya surua. Huja ikiwa unga ndani ya kichupa, huhifadhiwa kwenye baridi, na ikishachanganywa na maji yake inapaswa kutumika ndani ya saa sita. Kichupa cha dozi kumi kikisubiri mtoto mmoja, mhudumu anasita kukifungua. Kiraka ni dozi moja, kikavu, hakichanganywi na chochote. Nchini Gambia kiraka cha surua na rubela kilijaribiwa kwa watu wazima 45, watoto 120 wa miezi 15 hadi 18, na wachanga 120 wa miezi 9 hadi 10. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wachanga waliobandikwa walipata kinga dhidi ya surua kwa dozi moja. Wengi walitokwa na kauvimbe kagumu pale kilipokaa kiraka, kasiko na madhara makubwa.

Vina mipaka yake. Ncha ndogo hubeba dawa kidogo, kwa kawaida chini ya miligramu moja au zaidi ya hapo kidogo, kwa hiyo kidonge cha miligramu 500 hakiwezi kugeuzwa kiraka kirahisi. Ngozi nayo hunepa, na kiraka kisipobonyezwa vizuri baadhi ya ncha hazizami.

Na visichanganywe na roli zenye miiba zinazouzwa kwa ajili ya urembo wa uso. Roli hutoboa tu, haina kipimo cha dawa ndani yake, na chochote kitakachopakwa baada ya hapo kitaingia mahali ambapo ngozi nzima ingekizuia, kiwe salama au la.