Kabla Hujalala Ryokan: Tuliyoaminishwa Kuhusu Maji Moto ya Japani

Mama mdogo alipokuja Japani kunitembelea kutoka Tanga, nilimwahidi usiku mmoja Hakone, mji wa milimani wenye maji moto. Basi lilipoanza kupanda mlima, ukungu umeshika miti pande zote, akanigeukia, mkoba mapajani. "Mwanangu, nimesikia huko watu wanaoga uchi, wake kwa waume. Kama ni kweli, nishushe hapa hapa."

Si yeye wa kwanza kuniuliza. Kila mgeni anayetoka nyumbani huja na habari za nusu nusu kuhusu ryokan, yaani hoteli za jadi za Kijapani, hasa zile zilizojengwa juu ya onsen, maji moto yanayotoka ardhini. Zile za daraja la juu ni ghali kwelikweli. Si ajabu kutajiwa yeni 50,000 kwa usiku, tena kwa kila mtu, si kwa chumba. Mtu akitoa fedha kiasi hicho ni haki yake aingie akijua anachokinunua, na hapo ndipo penye kosa la kwanza: wengi hudhani wamenunua hoteli yenye bwawa la maji moto. Ryokan ni nyumba yenye ratiba yake, na unachokilipia ni kupokewa na nyumba hiyo tangu saa 9 alasiri hadi saa 4 asubuhi.

"Wake kwa waume huoga pamoja"

Zamani ilikuwa hivyo sehemu nyingi. Siku hizi mabafu ya mchanganyiko yamebaki machache, zaidi vijijini, na hoteli hutangaza mapema kama inalo. Katika ryokan ya kawaida wanaume wana upande wao na wanawake wao, na mlangoni huning'inia pazia fupi la kitambaa: aghalabu la buluu kwa wanaume na jekundu kwa wanawake. Soma pazia kila unapoingia, hata kama jana ulikwisha kuingia. Hoteli nyingi hubadilisha pande hizo usiku au alfajiri ili kila mgeni aonje mabafu yote mawili. Mlango uliokuwa wako jioni unaweza kuwa wa wenzio asubuhi.

Kuhusu uchi, ni kweli. Ndani ya bwawa la pamoja hakuna nguo ya kuogelea, na kitaulo kidogo unachopewa hakiingii majini. Wenyeji hukikunja na kukiweka kichwani. Lakini si kweli kwamba hakuna njia nyingine, na hili ningependa kila Mwislamu na kila mwenye haya zake alijue kabla hajakata tamaa ya safari. Ryokan nyingi zina bafu la kukodi, ambalo familia au mtu peke yake hulifunga kwa ndani kwa muda wa kama dakika 45 au saa nzima. Na zile za kifahari zina vyumba vyenye bafu lake la nje, kwenye kibaraza, maji ya chemchemi yakimiminika humo mchana na usiku. Hicho ndicho chumba nilichomwekea mama mdogo. Nilijibana miezi kadhaa, na sijutii.

Hata huko faragha nilimfundisha utaratibu, maana ndio unaotenganisha kuoga na kujiloweka. Kwanza unakaa kwenye kigoda kidogo mbele ya bomba, unajisugua kwa sabuni kuanzia kichwani hadi nyayoni na kujisuuza mpaka povu lote liishe. Kisha unachota maji ya bwawa kwa ndoo ndogo au kata na kujimwagia taratibu, miguu kwanza, mwili upate kuzoea joto. Ndipo unaingia, polepole, bila kurusha maji. Mwenye nywele ndefu, misuko au rasta azifunge juu, zisiguse maji. Bwawani hakuna sabuni kabisa. Aliyezoea kutawadha kabla ya kusimama mbele ya Mola wake haoni shida kuelewa kwa nini mtu asafike kwanza kabla ya kuingia maji ya watu wote.

"Ukiwa na tatuu unafukuzwa"

Hapa ukweli uko katikati. Uchunguzi wa Wakala wa Utalii wa Japani mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu asilimia 56 ya hoteli zilizojibu hukataa wageni wenye tatuu, asilimia 31 huwakubali, na zilizobaki huwakubali wakiifunika. Chanzo ni kwamba tatuu ilipigwa marufuku nchini humo kuanzia 1872 hadi 1948, na baadaye ikahusishwa na magenge ya wahalifu. Mwaka 2013 mwanamke wa Kimaori kutoka New Zealand alikataliwa kuingia bafu moja huko Hokkaido kwa sababu ya michoro ya jadi usoni mwake, na habari ile iliwafanya Wajapani wenyewe wajadiliane. Kwa maoni yangu walipaswa kumpokea. Leo miji kama Kinosaki, yenye mabafu saba ya umma, huwaruhusu wenye tatuu waziwazi.

Kwa dada zetu wa pwani liko jambo moja ambalo sijaona likitajwa mahali: piko. Ukitoka harusini mikono na miguu imepambwa, mhudumu asiyejua hina anaweza kudhani ni tatuu. Waeleze hotelini unapoweka nafasi, au panga safari ikishafifia.

"Maji yote yanatoka kwenye volkano, na hoteli ghali ndiyo yenye maji halisi"

Sheria ya Onsen ya mwaka 1948 haisemi lolote kuhusu volkano. Inasema maji yanayotoka ardhini yawe na nyuzi 25 za Selsiasi au zaidi yanapochipuka, *au* yawe na angalau kimoja kati ya viambata 19 vilivyoorodheshwa, kwa kiwango kilichowekwa. Maana yake maji yenye madini ya kutosha huitwa onsen hata kama ni baridi, kisha hupashwa moto hotelini. Hata chini ya jiji la Tokyo yapo maji ya namna hii, mengine meusi kama kahawa kwa sababu ya mabaki ya mimea ya kale. Waliowahi kwenda chemchemi ya Chemka, karibu na Boma Ng'ombe mkoani Kilimanjaro, wakitarajia maji moto na kukuta ya baridi, hawatashangaa sana.

Yako pia yanayochipuka yakiwa ya moto kupita kiasi. Mji wa Kusatsu hutia fora: maji ni makali kwa tindikali, na huko wanawake huyakoroga kwa mbao ndefu huku wakiimba ili yapoe bila kuongezewa maji baridi yakapungua nguvu. Arima, karibu na Kobe, kuna maji ya rangi ya kutu kwa wingi wa chuma na chumvi. Ukiingia maji yenye salfa, vua pete ya fedha, la sivyo itatoka nyeusi.

Sasa kuhusu bei. Mwaka 2004 iligundulika kwamba katika mji mmoja wa mkoa wa Nagano, uliosifika kwa maji meupe kama maziwa, baadhi ya mabafu yalitiwa unga wa kuyapa rangi. Habari ikatapakaa nchi nzima, na tangu 2005 kila bafu hulazimika kubandika tangazo likieleza kama maji yameongezwa mengine, yamepashwa moto, yanazungushwa kwa pampu au yametiwa kitu chochote. Na mwaka 2023 hoteli moja kongwe mkoani Fukuoka ilikutwa ikibadilisha maji ya bafu mara mbili tu kwa mwaka, wakati kanuni za mkoa zinataka angalau mara moja kwa wiki, na maji yakawa na bakteria wa legionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, mara maelfu ya kiwango kinachoruhusiwa. Jina kubwa halikuwakinga wageni wale.

Kwa hiyo mimi huwa sitazami picha za tovuti. Naenda chumba cha kubadilishia nguo, natafuta lile tangazo ukutani. Maneno ya kuulizia ni *gensen kakenagashi*: maji ya chemchemi yenyewe, yanaingia upande huu, yanafurika upande ule, hayarudishwi. Ukisimama karibu na bafu la namna hiyo utaona ukingo umevaa ukoko wa madini, na sakafu inapopita maji imebadilika rangi.

"Maji yale hutibu kila ugonjwa"

Hapana, na uongo huu una madhara. Karibu na bafu utakuta orodha ya maradhi ambayo maji yanasemekana kuyapa nafuu, kama maumivu ya viungo, baridi miguuni na uchovu. Nafuu ipo, sehemu kubwa kwa sababu ya joto na kupumzika. Lakini orodha hiyo si cheti cha daktari, na kando yake huwekwa ya pili inayowakataza watu fulani: mwenye homa, mwenye ugonjwa mkali wa moyo. Mwenye presha aulize daktari wake kabla hajasafiri. Maji huwa nyuzi 40 hadi 42, kwa hiyo dakika kumi hivi zinatosha kwa mara moja, kisha toka, kunywa maji, pumzika. Usiingie umekunywa pombe.

Wajawazito nao huambiwa wasiingie. Mimba ilikuwamo kweli katika orodha ya makatazo kwa miaka mingi, ila Wizara ya Mazingira ya Japani iliiondoa mwaka 2014 kwa kukosa ushahidi. Tahadhari iliyobaki ni ya sakafu yenye utelezi na joto la kupita kiasi.

"Bei yote ile, chumba kitupu"

Mama mdogo aliingia chumbani akatazama huku na huku. Mikeka ya tatami, meza fupi, kishubaka ukutani chenye ua moja na mchoro mmoja, basi. "Kitanda kiko wapi?" Kitanda kimo kabatini. Ukiwa unakula chakula cha jioni, au mara baada yake, wahudumu huja kutandika magodoro, na asubuhi huyakunja. Chumba kimoja kinakuwa sebule, kisha chumba cha kulala, kisha sebule tena. Vazi la pamba liitwalo yukata huwekwa tayari, nawe unalivaa kwenye chakula, bafuni na hata bustanini. Upande wa kushoto uje juu ya kulia, kwa sababu kulia juu ya kushoto ni mavazi ya maiti. Kwamba utulivu huu unauzika, uthibitisho ni umri: ryokan iitwayo Keiunkan, katika mkoa wa Yamanashi, ilianzishwa mwaka 705 na bado inapokea wageni.

"Chakula ni vidonge vidonge, utalala na njaa"

Vidonge, ndiyo. Njaa, sahau. Chakula cha jioni huja kwa zamu, vyombo vinaweza kufika kumi na zaidi: vionjo vya msimu, samaki mbichi, kitu cha kuchoma, kitu cha kuchemsha taratibu. Anayesubiri wali ili aanze kula atasubiri sana. Wali huletwa mwishoni pamoja na supu na achari, na huo ndio ujumbe kwamba mlo unakaribia kufunga. Kula unapoletewa.

Muda ni jambo zito hapa. Chakula ni saa 12 jioni au saa 1 usiku, kama mlivyokubaliana, na mpishi anapika kwa saa hiyo. Ukifika saa 3 usiku kwa kuwa treni zilikuchanganya, huenda ukakosa kile ulichokilipia zaidi.

Na kwa wasiokula haramu, kusema "sili nguruwe" hakutoshi. Pombe ya mchele na mirin, kiungo kitamu cha kupikia ambacho pia kina kilevi, hutiwa katika michuzi mingi, hata ya samaki na mboga. Mimi niliandika wakati wa kuweka nafasi, nikarudia wiki moja kabla, nikiorodhesha vitu kimoja kimoja. Zipo hoteli zitakazokujibu kwa adabu kwamba haziwezi, na jibu hilo ni la heri kuliko kubahatisha. Yetu ilikubali. Mhudumu alipiga magoti mlangoni, akasogeza kila sahani kwa mikono miwili, akaeleza kila moja imepikwa kwa vitu gani, nami nikitafsiri. Mama mdogo alikula mpaka kachumbari ya mwisho.

"Usipoacha bakshishi watakuchukia"

Huduma imo ndani ya bei. Ukiacha noti mezani, kuna uwezekano mkubwa mtu akukimbilie nazo akidhani umesahau. Wajapani wenyewe wana desturi ya zamani ya kumpa mhudumu kiasi kidogo mwanzoni, ndani ya bahasha safi, lakini si lazima, na mgeni kutoka nje hatarajiwi kufanya hivyo. Kodi ndogo ya kuoga ndiyo usiyoweza kuikwepa, kawaida yeni 150 kwa mtu.

Mama mdogo hakuridhika na maelezo yangu. Asubuhi alifungua mkoba ule ule, akatoa doti ya kanga mpya, akampa yule mhudumu kwa mikono miwili kama alivyoona yeye akifanya. Mhudumu akaipokea, akainama, akauliza maandishi yale yanasema nini. Nikamsomea, nikamweleza kwa Kijapani kadiri nilivyoweza. Tulipotoka, viatu vyetu vilikuwa vimegeuzwa vinatazama nje, tayari kuvaliwa. Gari likaondoka. Mwenye nyumba na wahudumu watatu walisimama barabarani wakipunga mikono, na mmoja wao alikuwa na kanga begani. Mama mdogo aligeuka kitini akawa anawapungia kupitia kioo cha nyuma, mpaka kona ilipowafunika.