Je, wajua kikundi cha mazingira kisicho na kura hufanya nini kwenye mkutano wa tabianchi?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, uliopitishwa mwaka 1992, una sentensi moja katika ibara ya 7 ambayo watu wachache huisoma. Inasema shirika lolote, liwe la serikali au la, lenye ujuzi wa mambo yanayohusu mkataba huo, linaweza kukubaliwa kuhudhuria vikao kama mwangalizi, isipokuwa theluthi moja ya nchi zilizopo ikatae. Mlango wenyewe ni huo. Leo mashirika zaidi ya 3,000 yameshaupita, na humo mna wanaharakati wa misitu, watafiti, vyama vya wafanyakazi, wakulima, vijana na watu wa asili.

Mwangalizi hapigi kura. Hatii saini, wala hana uwezo wa kuzuia uamuzi. Sasa huenda kufanya nini, kwa nauli na gharama zote zile?

Tuanze na jambo linalowashangaza wengi: hata nchi zenyewe hazipigi kura. Mkutano wa kwanza wa nchi za mkataba huo ulipofanyika Berlin mwaka 1995, nchi zilishindwa kuelewana juu ya kanuni ya 42, ile inayoeleza jinsi ya kupiga kura. Kanuni za mkutano hazikupitishwa mwaka ule, na mpaka leo hutumika kama rasimu tu, kanuni hiyo ikiwa imewekwa kando. Kwa hiyo kila uamuzi wa maana hupita kwa maafikiano. Rais wa mkutano huangaza macho ukumbini, akiona hakuna anayepinga, anagonga kinyundo. Kwa sababu hakuna hesabu ya kura, kazi yote inabaki kwenye maneno ya rasimu na kwenye kushawishiana. Maneno na ushawishi si mali ya serikali peke yake. Hapo ndipo kikundi kidogo kinapopata pa kushika.

Tuisogelee rasimu yenyewe. Katika chumba cha majadiliano maandishi huwekwa kwenye skrini kubwa, na popote pasipo na makubaliano huwekwa mabano ya mraba. Huu ni mfano niliouandika mwenyewe, lakini anayeijua kazi hii ataitambua sura yake: "[Nchi zilizoendelea] [Nchi zote zenye uwezo] [zitatoa] [zinahimizwa kutoa] fedha [mpya na za ziada] kwa nchi zilizoathirika." Kila bano ni ugomvi wake. "Zitatoa" ni deni, ilhali "zinahimizwa kutoa" ni ombi. Yakifutwa yale maneno "mpya na za ziada", msaada uliokuwa umeshaahidiwa kwa ajili ya hospitali unaweza kubandikwa jina jipya ukaitwa fedha za tabianchi. Mtu wa kikundi cha mazingira aliyefuatilia ibara hiyo kwa miaka sita anajua nani aliliweka bano, mwaka gani, na kwa sababu gani. Mjumbe wa serikali aliyehamishiwa wizara hiyo juzi hajui, na humwuliza.

Uzito wa neno moja ulionekana wazi Paris, tarehe 12 Desemba 2015. Rasimu ya mwisho ilipogawiwa, ibara ya 4 ilikuwa na neno la Kiingereza lenye nguvu ya sheria, "shall": nchi zilizoendelea zitakuwa na wajibu wa kuongoza katika kupunguza gesi chafu kwa viwango vya uchumi mzima. Marekani ikasema haiwezi kulikubali. Ukumbi ulisubirishwa kwa muda mrefu, kisha sekretarieti ikasoma orodha ya masahihisho ya kiufundi, na ndani yake ule wajibu ukawa "should", yaani "inafaa". Baada ya hapo kinyundo kikagongwa, Mkataba wa Paris ukapita. Wajibu ukageuka kuwa usia, hivi hivi dunia nzima ikitazama.

Kazi nyingine haionekani kwenye picha kabisa. Nchi kubwa hutuma mamia ya wataalamu. Nchi ndogo inaweza kuwa na watu watano, na vikao vinavyoihusu vikawa kumi kwa saa moja. Nani atakaa vikao vingine? Mara nyingi ni watu wa vikundi hivi, wanaosikiliza, kuandika na kupeleka habari kabla ya kikao cha jioni. Nchi za visiwa vidogo zilipowasilisha rasimu ya kwanza ya itifaki ya kupunguza gesi chafu mwaka 1994, wanasheria wa shirika lisilo la kiserikali la London liitwalo FIELD ndio waliowasaidia kuiandika. Rasimu hiyo iliingia katika mazungumzo yaliyozaa Itifaki ya Kyoto mwaka 1997.

Zipo pia serikali zinazowaingiza wanaharakati kwenye ujumbe wao rasmi. Hapo unapata beji ya nchi na milango mingi inafunguka, ila ulimi unafungwa kidogo, maana ni vigumu kuikosoa serikali iliyokupa kiti. Mimi naona kikundi kinapaswa kupima sana kabla ya kukubali, na kisipeleke watu wake wote upande mmoja.

Kwa waangalizi wa kawaida milango haiko wazi hivyo. Mwaka 2011 ilikubaliwa kwamba angalau kikao cha kwanza na cha mwisho cha majadiliano yasiyo rasmi kinaweza kuwa wazi kwao. Vya katikati, ambako kazi hasa hufanyika, vinaweza kufungwa. Ndiyo maana utawaona watu wamekaa sakafuni kwenye korido, kompyuta mapajani, wakingoja mlango ufunguliwe wamwahi mjumbe kabla hajafika kwenye lifti. Katika vikao vikuu, waangalizi wamegawanywa makundi tisa, na kila kundi hupewa dakika chache tu, mara nyingi mwishoni, viti vikiwa vimeanza kubaki vitupu. Vikundi vya mazingira ni kundi moja kati ya hayo tisa, na dakika hizo hugawana mitandao miwili mikubwa.

Mmoja wa mitandao hiyo, Climate Action Network, ulianzishwa mwaka 1989. Hutoa jarida dogo liitwalo ECO, ambalo asili yake ni mkutano wa mazingira wa Stockholm wa mwaka 1972. Wajumbe hulisoma asubuhi ili kujua nani alikwamisha nini jana. Tangu mwaka 1999 mtandao huohuo hutoa pia "tuzo" ya aibu kwa nchi iliyozuia mambo siku hiyo. Serikali hujali. Hakuna anayependa kurudi nyumbani akiwa ametajwa.

Hapa kuna jambo linaloniuma. Mlango wa ibara ya 7 haubagui. Vyama vya wafanyabiashara navyo ni waangalizi, na kwa njia hiyo, pamoja na beji za nchi mbalimbali, watetezi wa kampuni za mafuta, gesi na makaa ya mawe huingia kwa wingi. Muungano wa wanaharakati uitwao Kick Big Polluters Out, yaani "wafukuzeni wachafuzi wakubwa", uliwahesabu 2,456 katika mkutano wa Dubai mwaka 2023. Wakati huohuo kikundi kidogo kinachotoka mahali palipokumbwa na mafuriko hupewa beji mbili, pengine moja, na mwenye beji akakwama kwenye viza. Hata kukubaliwa tu huchukua muda: maombi hupelekwa kwa sekretarieti iliyoko Bonn, Ujerumani, yakiwa na uthibitisho wa usajili na hesabu za fedha, kisha lazima mkutano wenyewe uyapitishe. Anayetaka kuingia mwaka huu alipaswa kuanza mwaka jana. Akishaingia, asikose vikao vya Juni hukohuko Bonn. Rasimu nyingi hupikwa huko, kamera zikiwa chache.

Subira ya watu hawa ionekane kwa jambo moja: hasara na uharibifu, yaani nani atalipia kile ambacho hakiwezi tena kuokolewa. Vanuatu, kwa niaba ya visiwa vidogo, ilipendekeza mfuko wa bima mwaka 1991. Wazo likazikwa. Vikundi vikalifufua, vikaandika ripoti, vikafundisha wajumbe wapya. Tarehe 21 Novemba 2013, katika mkutano uliofanyika uwanja wa mpira wa Warsaw, watu wapatao 800 wa asasi za kiraia walisimama, wakarudisha beji zao na kutoka nje. Migongoni mwa fulana zao kulikuwa na neno la Kihispania lenye maana ya "tutarudi". Na walirudi. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh, Misri, alfajiri ya tarehe 20 Novemba 2022, na siku ya kwanza ya mkutano wa Dubai, tarehe 30 Novemba 2023, ukapewa utaratibu wa kuanza kazi. Wajumbe wakasimama kupiga makofi. Ahadi za fedha zilizotolewa pale Dubai hazikufika hata dola bilioni 1. Vikundi vilevile sasa vinafuatilia nani aliahidi, nani ametoa, na nani ameandika kwenye risiti yake fedha zilizokuwa zimeshatolewa kwa kazi nyingine.