Je, wajua kwa nini picha za Baz Bahadur na Rupmati zinafanana?

Ni usiku, farasi wawili wanakwenda ubavu kwa ubavu, na waliowapanda wanatazamana kana kwamba njia haiwahusu. Wachoraji wa India wa karne ya 18 waliirudia mno picha hii ya Baz Bahadur, sultani wa mwisho wa Malwa, ufalme wa India ya kati, na Rupmati, mwimbaji aliyempenda. Jeshi la Akbar, mfalme wa Wamughal, chini ya jemadari Adham Khan liliiteka Malwa mwaka 1561, na masimulizi yanasema Rupmati aliona heri anywe sumu kuliko kuwa mateka wa Adham Khan. Wachoraji hao walizaliwa wapenzi hawa wamekwisha kufa zamani. Umbo la picha lilirithiwa, na mara nyingi chombo cha kulirithisha kilikuwa charba.

Charba ni ngozi nyembamba ya paa inayopitisha mwanga. Hutandazwa juu ya picha iliyokamilika, mistari ikafuatishwa kwa wino, kisha ikatobolewa kwa sindano tundu baada ya tundu. Ngozi hiyo huwekwa juu ya karatasi mpya na kupigwapigwa kwa kifuko cha unga wa mkaa. Vinabaki vitone ambavyo mchoraji huviunganisha kwa burashi ya manyoya ya mkia wa kindi. Matundu yakiwa mapana, unga husambaa, na kwa kuwa nyuso za picha hizi ni ndogo, pua au jicho huharibika mara moja. Ngozi ikipinduliwa, farasi wanaelekea upande wa pili, ila wapenzi ni walewale.

Baada ya hapo hupakwa rangi nyeupe nyepesi, mistari ikaonekana kwa mbali, nayo huchorwa upya kwa mkono. Hapa ndipo kila fundi huacha alama yake, na ndiyo sababu mapambo na miti hutofautiana hata umbo likiwa moja.

Rangi huchanganywa na gundi ya mgunga. Gundi ikizidi, rangi hupasuka ikikauka. Ikipungua, rangi hubaki kidoleni. Dhahabu iliyosagwa hupakwa mwishoni, ikasuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka ing'ae juu ya giza. Rangi nyeupe ya madini ya risasi husawijika ikipatwa na gesi ya salfa, na kijani cha kutu ya shaba hula karatasi taratibu hadi ikatoboka.