Arubaini ya mzazi ni nini?

Lamu mjini neno "arubaini" lina kazi nyingi. Kuna siku arubaini za mwizi, kuna arubaini ya maiti inayosomewa khitma, na kuna arubaini ya mzazi. Nitaeleza hii ya tatu. Mzazi, kwa lugha ya nyumbani, si baba wala mama wa fulani. Ni mwanamke aliyejifungua ambaye bado hajaanza kutoka nje.

Kwa maneno machache, arubaini ni siku 40 tangu kujifungua ambazo mwanamke hutunzwa badala ya kutunza wengine. Hapiki, hafui, haswali, hafungi, halali na mumewe. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo, hunyweshwa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, na mtoto hukaa naye chumbani. Nyumba kongwe za mawe za Lamu zilikuwa hata na chumba cha shughuli hii: nyumba ya kati, kile cha ndani kabisa kisichofikiwa na mgeni, ambamo wanawake walijifungulia na ambamo pia maiti ilioshwa. Sidhani waliochagua chumba kimoja kwa mambo hayo mawili walifanya hivyo kwa bahati tu.

Wauguzi nao wana kipindi chao cha baada ya kujifungua, na hesabu yao ni wiki sita, yaani siku 42. Hesabu mbili zilizoanza mbali kabisa, moja ukumbini kwa akina nyanya na nyingine hospitalini, zimepishana kwa siku mbili tu. Sababu iko mwilini. Mtoto na kondo la nyuma vikishatoka, mji wa mimba huwa na uzito wa kama kilo moja, na ukipapasa tumbo utaukuta umesimama karibu na kitovu, mgumu kama dafu dogo. Kila siku hushuka kama upana wa kidole kimoja. Baada ya siku kumi hadi kumi na nne hauguswi tena juu ya mfupa wa kinena, na wiki ya sita huwa umerudi kuwa kitu kidogo kisichofika gramu 100. Ndani yake, pale kondo lilipokuwa limeshika, pana kidonda cha upana wa kiganja, nacho kinapona kwa muda huohuo.

Damu ya kidonda hicho ndiyo nifasi. Siku tatu nne za mwanzo huwa nyekundu, kisha hugeuka ya kahawia au waridi, kisha nyeupe yenye umanjano, mpaka ikakatika. Hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea hata katika dini: arubaini si amri ya kusubiri. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu pwani, siku 40 ni kawaida ya nifasi na 60 ndio ukomo wake. Ikikatika siku ya ishirini, mwanamke anaoga na anaswali. Wanachuoni waliifuata damu yenyewe, si kalenda. Muuguzi hufanya vivyo hivyo, na damu iliyogeuka nyeupe kisha ikarudi kuwa nyekundu na mabonge ni habari kwake, hata kama ni siku ya thelathini.

Siku hizo 40 hazina uzito sawa, na hapo ndipo mazoea yetu huteleza. Nyumba nyingi huziona kama ngazi ya kupanda polepole kuelekea siku kubwa ya kutoka. Kwa jicho la mkunga ni kinyume chake: uzito wote umelala mwanzoni. Saa 24 za kwanza ndizo za kuogopwa kuliko zote, wiki ya kwanza inafuata, na zinazobaki ni za kupona na kunyonyesha. Kwa mtoto ni hivyo hivyo. Karibu robo tatu ya vifo vya watoto wachanga duniani hutokea katika wiki ya kwanza ya maisha.

Kinachotisha kwa mama saa zile za kwanza ni damu. Mishipa iliyokuwa ikilisha kondo hubaki wazi, na kinachoifunga ni misuli ya mji wa mimba kujikaza. Ukilegea, damu hutoka kwa kasi ya kumaliza mtu kabla boti haijapata nahodha. Ndiyo maana mama huchomwa sindano ya oksitosini, vizio 10, mara tu mtoto anapotoka, na muuguzi hurudi tena na tena kumpapasa tumbo hata kama mama amechoka na anataka kulala. Dawa hiyo hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, sharti gumu kwa zahanati ya kisiwani umeme unapokatika. Siku hizi iko nyingine, kabetosini inayostahimili joto. Kupoteza mililita 500 au zaidi baada ya kuzaa kwa njia ya kawaida huhesabiwa kuwa ni kutokwa na damu kupita kiasi. Kwa macho, kiasi hicho kwenye shuka na khanga hakikadiriki. Mwaka 2023 ulitoka utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini: mama alitandikiwa karatasi ya plastiki yenye mistari ya kipimo, na damu ikifika mstari fulani matibabu yote yalianza kwa pamoja bila kungoja moja lishindwe ndipo lijaribiwe jingine. Madhara makubwa ya kutokwa na damu yalipungua kwa asilimia 60. Karatasi ya plastiki na mpangilio wa kazi, basi.

Sasa turudi chumbani, kwenye beseni la maji ya moto. Niliwahi kukaa katika nyumba moja ya mtaa wa Langoni muuguzi alipokuja kumtazama mzazi wa siku ya tatu. Nyanya wa nyumba alikuwa na kitambaa mkononi, mvuke unapanda.

"Sista, maji haya si moto. Mimi nimekandwa kwa hayahaya uzazi wote sita."

"Naona, nyanya. Mkande mgongo na miguu, atalala vizuri. Tumbo tuliache, ana mshono."

Nyanya alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na damu chafu itatokaje?"

Swali lake lina mantiki, kwa sababu kukanda kote kumejengwa juu ya dhana kwamba kuna damu iliyoganda ndani na joto litaiyeyusha. Damu haisubiri kuyeyushwa. Inatolewa na mji wa mimba wenyewe unapojibana, na mtoto anaponyonya ndipo unapojibana zaidi. Lile chango la tumbo mama analolisikia mtoto akishika ziwa ni kazi hiyo inafanyika. Maji ya uvuguvugu mgongoni ni raha na hayana ubaya. Maji ya kuunguza na mkono wa kukandamiza juu ya tumbo lililopasuliwa ni jambo jingine. Na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, hata kama ni la kufukizia udi tu, hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu. Chetezo kikae ukumbini.

Mkaja nao una hadithi yake. Ni kitambaa cha kumfunga mzazi tumbo, na neno hilo hilo ni jina la fungu analopewa mama wa bibi harusi siku ya ndoa, kama vile ubeleko, ile nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Yaani bwana harusi hulipa, kwa jina la kitambaa, mateso ya mama mkwe ya miaka ishirini iliyopita. Kwa upande wa afya hakuna mengi ya kusema: mkaja haurudishi mji wa mimba mahali pake, lakini husaidia mtu kuinuka na kukohoa bila maumivu makali. Usikazwe mpaka pumzi ifupike.

Kuna kitu kimoja katika arubaini ambacho ningekipunguza bila kusita, nacho ni kulala. Damu ya mwanamke mjamzito na ya mzazi huganda upesi kuliko ya mtu mwingine, na miguu isiyotembea huweza kufanya bonge la damu ndani ya mshipa. Aliyejifungua salama atembee siku ileile, mpaka chooni, mpaka ukumbini. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikabana ghafla, huo si uchovu wa uzazi.

Vivyo hivyo kifafa cha mimba. Jina lake linadanganya, kwa sababu huweza kuja mimba ikiwa imeshatoka, zaidi katika siku mbili tatu za mwanzo na pengine baadaye ndani ya wiki sita. Huanza kwa kichwa kuuma sana, macho kuona giza au nyota, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu. Pwani yetu mzazi akitetemeka na kukaza meno wako watakaotaja pepo kabla ya kutaja presha. Asomewe, hakuna anayekataza, lakini asomewe ndani ya boti inayoelekea hospitali, ambako kuna dawa yake, magnesiamu salfeti. Homa ya nyuzi 38 na uchafu unaonuka ni safari hiyohiyo.

Kwa mtoto, nitaanza na baridi. Watu hucheka ukiwaambia mtoto wa Lamu anaweza kushikwa na baridi mwezi wa Februari, lakini huyu ametoka kwenye maji ya nyuzi 37 na bado ni mbichi. Hukaushwa mara moja, hulazwa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, wote wawili wakafunikwa khanga moja. Kuogeshwa kungoje saa 24. Ule utando mweupe si uchafu wa uzazi, ni kinga ya ngozi. Ndani ya saa ya kwanza anyonye. Maziwa ya mwanzo, dang'a, machache na ya manjano, ziko nyumba bado zinayakamua na kuyamwaga kwa kuyadhania mabovu, kisha mtoto akapewa maji ya sukari. Dang'a ina kinga ambayo hakuna duka linaloiuza. Kuhusu tende ya tahniki, ile anayoonjeshwa mtoto mchanga, mila ifanywe kwa mkono uliooshwa na kwa kugusa tu kaakaa. Asali, hata tone, ingoje mwaka mmoja upite, kwani huweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wa mtoto hauviwezi.

Kitovu huanguka chenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki mbili. Kikauke, basi. Majivu, chumvi, mate na wanja visiletwe karibu nacho. Na wanja wa machoni pia, kwa sababu baadhi yake una madini ya risasi. Kenya imekuwa ikitumia dawa ya kupaka kitovuni iitwayo klorheksidini, na nyanya anayetaka mkono wake uwe na la kufanya apewe hiyo. Mtoto asiyenyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mwenye joto sana au aliyepoa, au aliyegeuka manjano siku ya kwanza, hasubiriwi. Jua la asubuhi uani halitibu manjano iliyofika viganjani na nyayoni.

Kwa hiyo kanuni ya "mzazi hatoki" inagongana na kliniki? Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae kituoni angalau saa 24 baada ya kuzaa, kisha aonwe tena kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Mara tatu kati ya hizo, zile nzito, zimo katikati ya arubaini. Kwa wa mtaa wa Mkomani, hapa Lamu mjini, ni mwendo wa miguu au punda. Kwa wa Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, ni boti, na boti husubiri maji kujaa, kwa hiyo heri muuguzi aende kwao kuliko mzazi kupandishwa gatini na mshono wake. Lakini kama hakuna wa kuja, atoke. Wazee niliowauliza hawakuwa na ugomvi na hilo. Walisema kutoka kwa dawa si kutoka.

Kinachopotea kwetu, kwa kweli, si mwiko, ni mikono. Mwanamke aliyepanga chumba kimoja Malindi, mume yuko kazini hotelini tangu alfajiri, mama yake yuko Pate, huyo anaambiwa yuko arubaini na siku ya nne anafua. Machozi ya siku ya tatu hadi ya kumi huwapata wengi na hupita yenyewe. Yakizidi wiki mbili, asilale, asimtake mtoto, hiyo ni sonona na ina matibabu. Rafiki anayekuja kuchukua nguo chafu bila kuombwa anafanya sehemu ya uuguzi.

Tufanye hesabu ya mwisho. Aliyejifungua Jumatatu, ukihesabu siku ile kuwa ya kwanza, siku yake ya arubaini huangukia Ijumaa. Ataoga, atapakwa hina na kufukizwa udi, na mtoto atatolewa nje. Wiki ya sita hutimia Jumatatu inayofuata: mtoto ana chanjo za wiki sita, mama ana kupimwa presha na kuzungumza juu ya kupanga uzazi, maana yai huweza kurudi kabla ya hedhi kuonekana. Hina itakuwa bado haijafifia mikononi.